Albamu Kumi na Nne na Sauti ya Papa

Jumanne, 8 Juni

Argenvald, bendi yangu, wanaacha! Miaka thelathini na moja ya magita yanayokimbia kama farasi — na leo mwimbaji wao ametangaza kwamba koo limechoka. Albamu moja ya kuaga, basi. Nilisoma habari juu ya kilima, mahali pekee ambapo rezo ya simu inashika, ndoo ya maziwa mkononi. Nikalia. Mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, nalia kwa ajili ya Mzungu asiyejua kama Masisi ipo.

Dada yangu Mutesi aliyaona macho yangu. Akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni mwimbaji wangu anaacha kuimba.

"Na Papa? Ye hakuacha?"

Papa, baba yetu, hajasema neno tangu Aprili, tangu kiharusi. Yeye sikumlilia hivyo. Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu.

Alhamisi, 10 Juni

Imekubaliwa. Sherehe ya ndoa ya Mutesi na mchumba wake Narcisse ni Jumamosi tarehe 26. Mama anasema Bihogo ataondoka na Mutesi, kama Papa alivyoahidi siku ng'ombe huyo alipozaliwa.

Lakini kwetu ng'ombe hatolewi kimya. Mwenye ng'ombe anasimama na fimbo, anamsifu: majina yake, mama yake, vilima alivyovipita. Kila ng'ombe na maneno yake, na ya Bihogo aliyatunga Papa mwenyewe. Nilimwomba Papa mdogo Sebahire, mdogo wake Papa, asimame badala yake. Alikataa kabisa.

"Ngombe iko ya kaka, maneno iko ya kaka. Miye nitaiba? Weye njo ulikuwa unashika ndama kila asubui. Unayajua."

Siyajui! Miaka tisa Papa amemkamua Bihogo huku akimsifu, ili aachie maziwa. Miaka tisa nimeshika ndama hatua mbili kutoka kwake — ekuteri masikioni, Argenvald, sauti hadi mwisho. Nilikuwa naona mdomo wake tu ukicheza.

Jumapili, 13 Juni

Kanisani sikusali. Nilikuwa nakumbuka mwaka jana, Papa alivyonijia na aibu kidogo, fimbo kwapani.

"Gentil, ile simu yako inaweza kamata sauti ya muntu? Unikamate nikisifu Bihogo."

Nikajibu karte memwari ya simu imejaa. Ilikuwa imejaa kweli — tamasha la Argenvald la saa mbili, nililokwisha kulitazama labda mara arobaini. Kulifuta? Niliona kama dhambi. Nikasema kesho, Papa. Hakukasirika. Alisema basi, wale watu wako waimbe kwanza, yeye hana haraka.

Majuto ni mjukuu. Wangu amefika, amekaa kwenye kiti na hataki kwenda kwao.

Albamu kumi na nne. Nazijua neno kwa neno, hata maneno nisiyoyaelewa. Papa: sekunde sifuri.

Alhamisi, 17 Juni

Nimejaribu kutunga sifa mwenyewe. Yalitoka mapanga, ngome na theluji. Theluji! Bihogo na theluji wapi na wapi? Nikachana karatasi.

Kisha nikafanya ubaya. Papa alikuwa anaota jua uani, nikamwomba aniambie japo mwanzo tu. Alifungua mdomo. "Bi... bi..." Halafu machozi. Mama alinifukuza kwa ufagio, na alikuwa na haki.

Jumanne, 22 Juni

Léonard amejibu! Ndiye aliyeniambukiza Argenvald tukiwa shule, sasa ana kibanda cha kuchaji simu huko Pinga. Nilimwandikia habari ya mwimbaji tarehe 8, lakini rezo yao ilikuwa imekatika wiki mbili. Anasema na yeye amelia. Anasema nisikilize hii, nikumbuke siku zetu nzuri — akanirudishia ujumbe wa sauti niliomtumia miaka mitatu iliyopita.

Ni mimi, zizini, naimba kiitikio kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Na nyuma yangu — Papa!

"Gentil! Weye! Zima ile makelele, unaogopesha ngombe!"

Halafu, kwa sauti ile nyingine, ya juu, ndefu, anaanza kumtuliza Bihogo. Papa husifu kwa Kinyarwanda. Hapa naandika maana yake kwa Kiswahili, neno kwa neno: Bihogo, binti wa mvuka ukungu, fimbo haijakugusa —

Basi. Hapo kidole changu kiliachia kitufe cha kurekodi. Kiitikio changu kilikuwa kimekwisha, ya Papa yalinihusu nini? Dakika moja zaidi, mpumbavu wewe! Dakika moja!

Nimesikiliza mpaka betri ikafa.

Jumamosi, 26 Juni

Naandika nyuma ya zizi, haraka. Wageni wamekaa, watu wa Narcisse wamekunywa, Mutesi ameshavaa, ni mzuri mpaka naogopa kumtazama.

Asubuhi nilimvalisha Papa ekuteri. Nilitaka ajue kwamba kitu kimebaki. Alisikiliza, akaonyesha kwa kidole: tena. Tena. Mara ya nne mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Mara ya kwanza tangu Aprili. Na hacheki sauti yake, anacheka yangu, ile ya mbuzi. Kisha sauti yake ikapanda ndani ya masikio yake, na mkono wa kushoto, ule mzima, ukainua fimbo. Ilipokatika, akanitazama. Akanipa fimbo.

Nilimwambia, Papa, nina mstari mmoja na nusu tu. Nikamrudishia fimbo, hakuipokea.

Sebahire anaita. "Gentil! Watu wanangoja!" Bihogo amefunguliwa, Mama amemshika. Papa wamemweka mbele, kiti cha kwanza. Ekuteri naziacha hapa, katikati ya daftari. Narudia mara ya mwisho: Bihogo, binti wa mvuka ukungu, fimbo haijakugusa —