Wanasema Paka Wangu Kapakwa

Shangazi Tuntufye, shikamoo, naomba msaada wako ila usinicheke gazetini.

Mimi ni Sufiani, muosha malori hapa Mpemba, shule niliishia kidato cha pili, niliiacha mwenyewe haikuniacha, na nina paka ambaye Tunduma nzima hayupo wa kufanana naye, mwili rangi ya chai ya maziwa, uso, masikio, miguu na mkia vyeusi utadhani kachovya kwenye masizi, macho ya bluu kama anga la Ileje mvua ikishakatika, kichwa kimechongoka, ananifuata mpaka dukani kama mbwa, na akilia mama mwenye nyumba hutoka kuuliza ni mtoto wa nani. Nilipewa na dereva Mzambia, paka angali mdogo, nikamuuliza ni paka wa aina gani, akanijibu, "Pushi, mwaice," mwaice ndiyo kijana kwao, basi nikatangaza mji mzima kwamba namiliki Pushi halisi, nikamwambia hata Naila anayeuza vitenge, ambaye nikisema ni mzuri nitakuwa nimempunja, akawa anakuja kumwona paka, nami niko pembeni ya paka, unanielewa.

Tatizo ni baridi ya mwezi wa sita, Pushi kazidi kuwa mweusi, basi Osea, muosha malori mwenzangu mwenye wivu, akamwambia Naila mbele yangu, "Dada, huyo si paka, huyo kapakwa! Dawa ya viatu hiyo." Nikaapa, nikawaita madereva wa Zambia waliokuwa kwenye foleni ya mpakani washuhudie kwamba hii ndiyo aina ya Pushi, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, na Naila akasema, "Sufi, kama hata paka umenidanganya, hayo mengine je?" Hajaja tena. Hayo mengine, Shangazi, ni mambo ya posa. Nifanyeje, maana Naila simwachi na Pushi simtupi?

Sufiani, Mpemba

Marahaba, Sufiani. Nimekucheka, na msamaha siombi. Pushi kwa Kibemba ni paka, basi! Umewashusha watu kwenye malori yao ukawaapia kwamba paka wako ni wa aina ya paka.

Lakini macho unayo, nakusifu. Kichwa hicho, macho ya bluu, ncha nyeusi, domo lisilofungwa na tabia ya kukuandama ni dalili za paka wa Siam, asili yake Thailand. Sema "anafanana naye", usiape, maana mama yake humjui, na baba ndiyo kabisa. Weusi nao si dawa ya viatu. Manyoya ya paka hao hukolea pale mwili unapopoa, ndiyo maana masikio na mkia hutangulia, na baridi ya kwenu ikizidi, naye anazidi.

Sasa punguza kelele. Nenda kwa Naila mchana kweupe, mwambie neno Pushi hukujua maana yake. Mpe kitambaa cheupe chenye maji ya uvuguvugu, amfute paka kwa mkono wake, Osea akitazama. Kikitoka na vumbi tu, usitambe. Najua itakuuma, funga mdomo hivyo hivyo. Hayo mengine tafuta mshenga mtu mzima ayapeleke kwa wazazi wake, paka abaki nyumbani.

Na jina la Pushi usilibadili. Katika yote uliyotangaza mjini, hilo peke yake lilikuwa kweli tupu.