Chumvi Niliyoizika Migombani

Mlola, Lushoto
9 Agosti 1975

Kaka yangu mpendwa Rubeni,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, pamoja na wifi Yudith na watoto. Je, kifua cha wifi kimepona? Sisi huku tupo, kiasi chetu. Baridi ya mwaka huu imezidi, ukungu hauondoki mpaka saa nne, lakini kabichi za shamba la kijiji zimekubali vizuri. Ila mimi nina jambo, na jambo lenyewe liko shingoni.

Lile tezi ulilolizoea limekua, kaka. Nikilala chali linanikaba, kwa hiyo nalala nimeegemea ukuta. Ugali haupiti mpaka niusukume kwa maji. Daktari wa hospitali ya misheni alilishika akasema likatwe mwezi huu huu, kabla halijaniziba koo. Nilirudi nyumbani naimba. Si unajua tuna mfuko wa matibabu wa kijiji? Wote tunalima shamba la kabichi, zinauzwa, na anayehitaji kupasuliwa analipiwa. Hakuna msaragambo wa kulima pamoja nilioukosa. Hassani alilipiwa ngiri yake, na Hassani huyo shambani huonekana wakati wa uji tu.

Basi kamati ikaniita. Mwenyekiti wetu, Mzee Kornelio, akaniambia polepole, kama anayesema na mtoto, kwamba mfuko haumlipii mtu aliyewahi kuugua akili. Eti mtu wa namna hiyo hafuati masharti akishapasuliwa, atafumua nyuzi, na jasho la wenzake litapotea bure. Ule mwaka niliougua, si tuliwaambia watu wote kwamba nimekwenda Kwai kwa shangazi kukamua ng'ombe? Mama alinifundisha hata majina ya hao ng'ombe, ili nikiulizwa nijibu. Sasa nani aliwaambia?

Kaka, nilianza kumchunguza kila mtu. Nilimshuku jirani yangu Mwanahawa, kwa sababu alinipita kisimani bila kunisalimu. Aliponiletea kunde nikamrudishia bakuli bila kuonja. Nikamshuku mganga wa zahanati. Nikamshuku hata mchungaji, siku alipohubiri habari za mwenye pepo, Mungu anisamehe. Nilipita nyumba hadi nyumba nikiuliza, na hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe, maana kamati ikasema waziwazi kwamba mnaona, anashuku watu, ugonjwa umerudi. Nikinyamaza, nimekubali. Nikiuliza, nina wazimu. Jamani, mtego gani huu?

Mwanahawa ndiye aliyenitoa humo. Alikuja na bakuli lile lile, akaketi bila kukaribishwa, akaniuliza kama siku hizi nimeota pembe. Kumbe siku ile ya kisimani jino lilikuwa linamuua, hata mdomo haufunguki. Nilimwomba radhi, nikala kunde zake zote. Akaniambia kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo niache kuuliza ni nani aliyesema, niulize alisema nini.

Nikaenda kwa Secilia, mke wa mwenyekiti, nikamsaidia kupukuchua mahindi mpaka ulimi wake ukalegea. Akasema kilichowatisha wanakamati ni kusikia kwamba zamani nilikuwa nachukua chumvi ya nyumbani naizika migombani, nikidai imetiwa sumu.

Niliendelea kupukuchua. Habari ya chumvi waliijua watu wawili tu. Mmoja ni mama, naye tulimzika kabla hatujahamia kijiji hiki. Wa pili alinishika mkono pale migombani, akaifukua pamoja nami, akaniapia kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwake.

Ulikuja Pasaka, kaka. Nilikwambia nataka kwenda kwa daktari anikate tezi hili. Kesho yake ukaalikwa chakula kwa mwenyekiti, nami nikabaki naosha vyombo, nikifurahi kwamba wakubwa wanakuheshimu.

Sidhani ulifanya kwa ubaya. Nadhani uliogopa kwamba dawa ya usingizi itanirudisha kule nilikotoka, na wewe ndiye utakayenibeba tena. Nakuelewa, na nimekasirika sana vilevile. Wewe unaogopa nitapoteza akili. Mimi nakabwa koo nikiwa nazo zote.

Nimemwambia mwenyekiti kwamba nimeshamjua aliyewaambia. Sikukutaja, naye akatazama chini. Akasema kamati itakaa tena Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu, na kama ndugu yangu wa kiume atasimama mbele yao aseme nimepona, watanilipia. Basi njoo. Usihangaike na zawadi, sukari ipo na kanga ninazo. Njoo na mdomo ule ule.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Mwanahawa naye anakusalimu, ingawa kwa shingo upande. Ukifika utakuta kunde jikoni. Nitazitia chumvi mbele ya macho yako, na nitaanza kula mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Dorkasi