Mayai ya Sharkha na Jina la Mwanao

Ashkhara, Jumatano, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Zuwena,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Nakupa salamu ya kukukumbatia, si ya mkono. Goti lako vipi? Usinambie "afadhali", maana mwaka wa tatu huu unanambia afadhali, na kila anayetoka huko ananambia unapanda ngazi kwa kukaa kitako. Na jicho la shemeji, limetazamwa au bado anajifanya anaona? Mimi mzima. Sukari inapanda na kushuka ipendavyo, meno yamebaki ya mbele, na upepo wa mchanga umeanza, nyumba nzima inakwaruza chini ya miguu hata ufagie mara ngapi. Alhamdulillahi.

Utashangaa kuona karatasi. Kutuma sauti kwa simu nimekataa makusudi. Nikisema humu ndani nasikiwa, na ikifika kwako unaifungulia sebuleni, mtaa mzima unakaa kusikiliza. Nimeandika kwa herufi zetu za chuoni, kwa sababu skuli sikuingia hata siku moja na herufi nyingine sina, na watoto wa humu herufi wanazitambua, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwazo hawakipati. Anakuletea jirani yangu anayekuja huko harusini. Isome peke yako.

Jambo lenyewe ni la mwanao Seif. Usishtuke, mzima, haumwi. Mimi ndiye niliyemdhulumu, na nataka ulisikie kwangu. Kwake najua hutalisikia, kwa sababu huyo mtoto umemlea kunyamaza, na hilo nalo nina neno nalo.

Unajua tangu aje anakaa kwangu na anafanya kazi kwa mwanangu Khalfan. Khalfan na watu wake wanakwenda baharini, Seif anapokea mavuvi, anayatia barafu ghalani nyuma ya nyumba, kisha anayapeleka Sur kwa gari. Sasa ni msimu wa sharkha, wale kambakoche wetu wenye ndevu ndefu. Msimu mfupi, na sheria yake kila mtu anaijua: jike mwenye mayai anarudishwa majini pale pale. Mayai yake hayako ndani kama ya nguru. Yamegandana nje, chini ya mkia, mengi kama ulezi, rangi ya zaafarani. Mnunuzi wa Sur anampindua kila mmoja kabla ya kumchukua, na akiyaona mayai anamkataa, anaogopa serikali.

Basi mimi nilianza kumshuku Seif kwa miswaki. Katoka dukani na miswaki mitatu, laini, ya watoto wadogo. Nikamwambia, "Seif, kinywa unacho kimoja, au umeshaoa wawili bila kuniarifu?" Akacheka, "Mama mkubwa, wewe nawe!" akapita zake. Nikenda kutazama chooni: miswaki hamna. Siku ya pili hamna. Nikatazama chini ya mto wake, hamna. Ndiyo, nilitazama, usinikunjie uso. Tena nikaona akirudi ghalani anakosha mikono kwa ndimu mpaka ngozi inakunjana, na kwenye kucha kumebaki kitu cha manjano. Nikadhani hina ya mwanamke. Nikapita nyumba tatu kwa kisingizio cha kahawa kutazama mikono ya wasichana wa watu, wasijue nimekujia nini.

Kisha mjukuu wangu Shamsa, binti wa Khalfan, akanita kwenye karo la uani. "Bibi, taali! Hii vitu dogodogo burtuqali nini?" Anakusudia rangi ya chungwa; ndiyo Kiswahili cha watoto wa huku, usinilaumu mimi. Nikainama, nikachota kwa ukucha. Nikazibonya zile punje, zikapasuka, zikanuka bahari. Astaghfirullah, nikajua. Mtu anasugua mayai ya sharkha kwa mswaki, mama mzazi anatoka msafi kama dume, anauzwa. Na mtu huyo, nikasema, ni mwana wa Zuwena.

Sikumwita pembeni, Zuwena. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo. Nilingoja Ijumaa, sinia la wali liko chini, wote tumekaa: Khalfan, mkewe Thuraya, Shamsa, Seif na mimi.

"Seif," nikasema, "tangu lini umekuwa mkosha matumbo ya wazazi?"

Tonge likamsimamia mkononi. "Mama mkubwa?"

"Usinimamamkubwe. Mayai nimeyaona karoni. Unayasugua mnunuzi asiyaone, unamharibia mwanangu jina ndani ya nyumba unayokula. Kwenu hukufunzwa haramu na halali?"

Naam, nilisema "kwenu". Nilikutia na wewe.

Seif hakunitazama mimi. Alimtazama Khalfan, akamtazama kitambo, halafu akainamisha uso. "Nisamehe, Mama mkubwa."

"Khalas, Mama, mwache ale," Thuraya akasema.

"Ale nini? Anazo punje za kutosha!"

Seif akainuka, akakosha mkono, akatoka. Kaniomba msamaha, mimi nikajiambia, amekiri. Nikajiona hodari. Lakini Khalfan akanisogezea kipande cha shingo ya samaki, ninachokipenda, akasema, "Kula, Mama, usijipandishie presha." Sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga. Nikamtazama. Khalfan huyu alipiga kelele siku nzima kwa ndoo moja iliyopotea. Leo anaambiwa ghala lake lina mwizi, na yeye anachambua miiba. Nikarudisha tonge siniani. Nikasema moyoni, Salma, umemkamata asiye mwenyewe.

Siku ya pili baada ya alasiri Seif alikuwa Sur na gari. Nikavua viatu, nikazunguka nyuma. Ghalani nasikia kwaru, kwaru, kwaru. Nikasukuma mlango. Mwanangu kachuchumaa juu ya ndoo, kambana sharkha kwa magoti, tumbo juu. Maji ndooni yamekuwa zaafarani tupu. Na yule mnyama, Zuwena, kila mswaki ukipita anakunja mkia wake, anaufunika ule mzigo. Khalfan anaukunjua kwa dole gumba, anasugua tena.

"Mama! Hodi hupigi?"

"Nipige hodi nyumba niliyokuzalia? Mwache huyo."

"Keshavuliwa, Mama. Nikimrudisha, boti ya wenzangu inamvua kesho, watasugua wao. Mimi nitakuwa nimepata nini?"

"Utakuwa hukusugua."

"Na wewe ndiye wa kusema? Si ulikuwa ukitusimulia mlivyogombania mayai ya nguru, wewe na khala Zuwena, mpaka mkaparurana? Nguru yule hakuwa mzazi?"

Hapo alinipata, siwezi kukuficha. Tulikula. Tulifurahi nguru akipasuliwa akakutwa amejaa, tukawacheka wenye nguru mkavu. Hakuna aliyetwambia kwamba samaki wanaweza kwisha, na sisi hatukuuliza, tuliona bahari ni ile ile kila asubuhi. Sasa nakaa na watu wanaokwenda mbali zaidi kila mwaka na kurudi na kidogo zaidi, na wanajua kwa nini, na bado wanasugua. Swali lake sijalimaliza mpaka leo. Mayai ya samaki tangu siku ile hayanishuki kooni. Wewe sikukatazi, lakini fikiri.

Nilimjibu hivi: "Nilikula, na kila mtu kaniona nikila. Wewe unakosha ili usionekane. Tena ni wewe uliyemfokea yule mgeni kule Ras al Jinz kwa kumsogelea kasa anayetaga. Kasa ni mzazi, huyu si mzazi?"

"Kasa anatazamwa, Mama. Sharkha analiwa."

Ulimi anao, kautoa kwangu.

"Na Seif alijua?"

"Miswaki si kanunua yeye? Nilimtuma. Mara nyingine nampa asugue, mikono yangu ikichoka."

"Mbona jana hakusema?"

Akaweka mswaki chini. Akajipangusa mikono. "Kibali chake cha ukaazi kiko kwa jina langu, nikikifuta anarudishwa kwao. Mimi sikumwambia anyamaze, wallahi. Kanyamaza mwenyewe."

Zuwena, hilo lilinikata kuliko mayai. Nimezaa mtu ambaye watu wanamnyamazia, na yeye anaona ni adabu yao.

Nikampokonya yule sharkha mikononi, akanichoma kidole, nikamtia kwenye beseni la maji ya bahari, angoje kurudishwa. Nikamwambia Khalfan mambo mawili. La kwanza, karatasi za Seif zitoke kabatini kwako leo, azishike mwenyewe, na akitaka kuhamia kwa mdhamini mwingine utatia saini bila kukunja uso. La pili, kesho nakuja pwani.

Ijumaa ya pili sikungoja. Jioni ile ile nikawakusanya wote kwenye busati lile lile. Nikasema, "Shamsa, na wewe sikiliza. Bibi yako kamsingizia Seif mbele yenu. Kosa si lake, na anayejua ni la nani anajijua." Nikamshika Seif mkono, mbele ya mtoto, nikamwomba radhi. Thuraya akalia. Khalfan akatoka, eti simu.

Asubuhi nikajipeleka pwani na kiti changu cha plastiki, nikakaa boti zinapopanda mchangani. Kila sharkha aliyeteremshwa nikampindua. Wanaume wakacheka, mmoja akanambia, "Ummi, serikali imekuajiri lini?" Nikamjibu, "Tangu ilipoona nyinyi vipofu. Lete na wako." Naye wake akaanza kuwafunika kwa gunia, basi nikajua. Wa Khalfan walikuwa wawili wenye mayai. Nikamwambia, "Wachukue. Kwa mkono wako, si wa Seif." Akaingia majini na kanzu yake ya dishidasha, maji mpaka magotini, akawaachia. Aliporudi alinipita kama anayepita nguzo.

Siku ya nne leo nakwenda. Ananisalimia asubuhi na jioni, zaidi ya hapo hamna. Thuraya anasema keshaacha, anaapa kwa ajili yake. Mimi simwamini. Nampenda, nimemzaa, akiumwa kichwa naumwa mimi, na simwamini akiwa na kitu chenye nywele ndogo ndogo mkononi. Kila jioni nachungulia karo. Jana nikaona kipande cha karoti, moyo ukanipasuka bure.

Sasa Seif. Nilimfuata ghalani nikamwambia tena anisamehe. Akasema, "Yameisha, Mama mkubwa." Nikamwambia hayajaisha, sema lililomo. Akakaa juu ya sanduku la barafu, akayatazama maji sakafuni. Akasema, "Ulitazama chini ya mto wangu. Ulitazama kucha zangu. Ulikwenda nyumba za watu. Ungeniuliza tu. Ungeniuliza, ningekwambia." Hakusema kwa hasira. Bora angenitukana. Miezi yote hii anakula kwangu, namfulia shati, namtilia siku ya mvua chai ya tangawizi, na kumuuliza neno moja nilishindwa.

Naye nilimwambia lake: alisugua, akijua ni haramu, na kuogopa karatasi hakumfanyi msafi. Akakubali. Alisema ndiyo maana aliomba msamaha siku ile, hakuomba kwa ajili ya Khalfan, aliomba kwa ajili ya mikono yake. Umesikia mtoto wako? Umemlea kunyamaza, lakini umemlea.

Karatasi anazo sasa, kazitia kwenye mkoba wa ngozi. Jumapili niliona mkoba ule uko juu ya kitanda, umefunguliwa, na mashati mawili pembeni. Sikugusa. Nimeapa kutogusa tena kitu chake. Sijui alikuwa anatia au anatoa.

Nisalimie shemeji, mwambie aende akatazamwe jicho kabla sijaja kumtazama mimi. Nisalimie shangazi yetu aliyelazwa, mbusu paji la uso, mwambie Salma anauliza kama bado anawatukana wauguzi. Nisalimie bintiyo wa mwisho na mumewe mpya, na yule jirani anayekuokea mikate ya mofa. Mwambie huku mofa hawaijui, wanatulisha mkate mwembamba kama karatasi. Shamsa anakusalimia, anasema "Bibi mwengine yuko nzuri?" Nimemwambia yuko nzuri.

Mpigie Seif mwenyewe, usinipitishe mimi. Ukitaka arudi, mwite, nitamfungia safari kwa mikono yangu na sitakununia. Lakini kwanza muulize kama anataka kubaki kwangu. Mdomo wangu huu unaujua, haujamwogopa mtu, si mume, si mnunuzi wa Sur. Hili naogopa kumuuliza.

Dada yako, anayekupenda hata ukimnunia,

Salma