Aliyeuza Habari za Mkono wa Deja

Bweni la Wasichana, chumba 214
Kansas
Jumatano, 11 Februari

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi mengi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, nyonga haikusumbui sana na baridi hii, na watoto wa shule bado wanagombania mikate yako ya mdalasini kila Alhamisi. Mjomba Dale hajambo? Ndama wake walinusurika na theluji ya wiki iliyopita? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, na sina jeraha lolote. Ni hayo mengine yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua umeshangaa kupata barua iliyoandikwa kwa mkono kutoka kwangu, mimi ambaye hata salamu za Krismasi nakutumia kwa simu. Simu yangu sinayo tangu Ijumaa. Haijaibiwa wala haijaharibika. Nakuomba usikimbilie gari kuja huku. Soma kwanza mpaka mwisho, tena ukiwa umekaa.

Nianze na timu. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mikataba ya matangazo ilikuwa ya wavulana wa futiboli ya Kimarekani. Sisi wasichana wa kikapu tulipewa fulana za bure tukashukuru. Tulipoanza kushinda mwaka jana, makampuni yakatugeukia. Wa kwanza kupata cha maana alikuwa Deja Broussard, mchezeshaji wetu kutoka Louisiana, yule uliyempenda kwa kuwa alikula sahani tatu za chakula chako Sikukuu ya Shukrani. Muuza magari mmoja wa mjini alimweka kwenye bango kubwa kando ya barabara kuu, ameshika mpira na funguo. Tulicheka sana siku ya kwanza. Tukampa jina la Bibi Bango. "Bibi Bango, tupishe tuoge na sisi wa bei ya chini!" Naye akijibu, "Pangeni foleni, sahihi yangu haitolewi bafuni."

Lakini kicheko kilipungua wiki hadi wiki. Maddie Kroll, anayecheza pembeni, alianza kuhesabu Deja anampa mpira mara ngapi kwa kila mechi. Alikuwa akiniambia kwamba Deja anamnyima makusudi ili picha ibaki nzuri upande mmoja tu. Deja naye aliniambia Maddie anamtazama kama mtu anayengoja ateleze. Mtu akipokea simu alitoka nje. Mtu akinunua viatu, wengine waliulizana nani kamlipia. Tuko kumi na wanne, tunaoga pamoja, tunasafiri pamoja, na hakuna aliyejua mwenzake amesaini nini na nani. Hata mimi nilikuwa na mkataba wangu mdogo, ule wa kinywaji cha kuongeza nguvu niliokuambia, nikawa nageuza simu kifudifudi kila nikiiweka mezani.

Sasa sikiliza yaliyotokea Januari. Alhamisi moja, kwenye mazoezi ya milango iliyofungwa, Deja aliangukia mkono wa kulia na kifundo kikavimba. Bi Lorraine Schaaf, mtaalamu wa viungo wa timu, aliufunga na kusema anaweza kucheza ila hataweza kurusha kutoka mbali. Kocha Stahl akatuonya kwamba habari hiyo isitoke nje ya ukumbi. Tulikuwa sisi, makocha watatu na Bi Lorraine. Basi.

Siku ya mechi, kabla hata ya chakula cha mchana, wacheza kamari mitandaoni walikuwa wameshahama. Waliokuwa wakituwekea pesa jana yake sasa wote walikuwa wanaweka kwa wapinzani. Tulifungwa. Deja alikosa mitupo tisa, na kabla hajavua viatu simu yake ilikuwa imejaa matusi ya watu waliopoteza pesa kwa kuwa habari iliwafikia imechelewa. Mmoja alimwandikia kwamba anajua huwa anatokea mlango wa mashariki, karibu na mapipa ya taka, na kwamba siku moja atamngoja pale amvunje mkono wa pili. Mama, sisi wengine wote hutokea mlango wa mbele. Ni Deja peke yake aliyekuwa akipitia ule wa mashariki, kwa sababu ya mashabiki wanaomng'ang'ania tangu bango lile.

Kesho yake Kocha alitukusanya. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema, "Humu ndani kuna mtu anauza wenzake. Sijui ni nani. Nitajua." Akatutazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliona uso wake unakuwa wa mwizi hata kama hakuiba kitu. Maddie alianza kulia. Wasichana wawili wakasema kilio hicho ni cha mwenye hatia. Tangu siku hiyo Deja alianza kusindikizwa na mlinzi hata kwenda darasani, na akaacha kula nasi. Alikuwa akijinunulia chakula kilichofungwa, anakifungua mwenyewe.

Chuo kilileta wachunguzi wawili, bwana na bibi, wapole kama watu wa bima. Walituita kwa zamu. Kila aliyetoka tulimpima: amekaa muda gani, ametoka na uso gani. Ndipo ikasikika kwamba mume wa Bi Lorraine huonekana kwenye kasino ya kule mpakani kila Jumamosi. Sijui kama ni kweli anacheza sana au anakula tu chakula cha bei nafuu kama wazee wengine. Lakini habari ilipoingia haikutoka. Watu wakaanza kukumbuka vitu: kwamba Bi Lorraine aliandika kitu kwenye daftari siku ile, kwamba alitoka mapema. Daftari lile ameliandika kwa miaka ishirini na miwili, Mama, kila kifundo alichofunga kimo humo. Wiki iliyofuata aliambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Alifungasha mikasi yake na kikombe chake cha kahawa, hakuna aliyemsaidia kubeba boksi.

Na tangu aondoke, hakuna siri iliyotoka tena. Mechi tatu, kimya. Maddie alisema, "Mmeona? Shida ilikuwa yule mama." Wote wakakubali. Kocha mwenyewe akaanza kulala, nadhani, maana macho yake yalirudi kuwa meupe.

Mama, nimeandika mpaka hapa kana kwamba na mimi nilikuwa nikiulizana na wenzangu. Nimeanza barua hii mara tatu na kila mara kalamu imekwenda njia hii ya kuzunguka. Sasa naiandika ilivyo. Ni mimi.

Mtu wa kinywaji kile anaitwa Trent Vickers. Mkataba nilioupeleka ofisi ya chuo ulikuwa safi: video fupi mbili kwa mwezi na chupa mkononi. Baada ya kusaini ndipo alinitumia ujumbe wa pembeni kwamba kampuni ingependa tuzungumze kidogo kwa simu kila asubuhi ya mechi, ili waandishi wao wa matangazo wajue hali ya kambi. Hilo sikulipeleka ofisini. Simu ya kwanza aliniuliza tunasikiliza muziki gani kwenye basi. Ya pili aliniuliza nani ana mafua.

Nilishtuka siku hiyo hiyo, Mama. Sitaki ufikiri sikushtuka. Nilijiuliza muuza kinywaji ana kazi gani na mafua ya watu. Nilitafuta chupa zile kwenye maduka manne ya mji huu, sikuona hata moja. Nikajiambia labda zinauzwa miji mingine. Kila alipopata jibu alilolitaka, aliongeza kitu juu ya malipo, akakiita asante. Tanuri jipya linalokupasha moto sebuleni lilitoka kwenye asante hizo. Nilikuambia ni video. Ukanisifu, na nikazipenda sifa kuliko nilivyoipenda ile pesa.

Asubuhi ya mechi ile aliniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama Deja yuko sawa. Nikamwambia mkono umevimba. Ilikuwa simu ya dakika nne.

Baada ya vitisho nilimpigia nikamwambia basi, sitaki tena. Hakugomba hata kidogo. Aliniambia, "Sawa, Raelynn, pumzika. Mara sita umenisaidia, na zote ninazo kwa sauti yako. Ukitaka kurudi, nipo." Ndiyo maana siri ziliacha kutoka. Ziliacha kwa sababu mimi niliacha, na kuacha kwangu ndiko kulikomhukumu Bi Lorraine.

Na hata hilo si baya kuliko yote. Wachunguzi waliponiita, waliniuliza kama ninamshuku mtu. Yule bibi aliniuliza kwa sauti nzuri, akanisogezea maji. Nikasema simshuku mtu, ila nimesikia mume wa Bi Lorraine anapenda kamari. Kabla yangu hakuna aliyekuwa amelitaja. Ile habari ya kasino iliyoingia na kukataa kutoka, niliiingiza mimi. Bi Lorraine mwenyewe alikuwa amenisimulia Novemba, akinifunga kifundo, akicheka kwamba mzee wake hurudi kila Jumamosi ananuka moshi wa sigara za watu.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwake mchana. Nilimkuta akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nilimwambia yote nimesimama pale pale kwenye njia ya gari, bila hata kuvua kofia. Nilidhani atanipiga au atanikumbatia. Aliendelea kukwangua mpaka kioo kikawa safi, ndipo akaniuliza kama nimeshamwambia Kocha. Nikasema bado, nilitaka aanze kusikia yeye.

"Ulitaka nikusamehe kwanza ili uende huko umepoa," alisema. "Siku zote hizi hakuna hata mmoja wenu aliyenipigia simu. Hata wewe uliyejua. Nenda kwa Kocha. Kwangu usirudi mpaka nikuite."

Nilikwenda. Kocha alisikiliza, akaita wachunguzi, na Ijumaa asubuhi nikawakabidhi simu na kila kitu kilichomo. Trent hapatikani, na ile kampuni wanasema ilikuwa jina na sanduku la posta tu. Bi Lorraine amerudishwa kazini. Nasikia amesema atafikiria kama anaitaka.

Mimi nimetolewa kwenye timu. Ufadhili wa masomo utaamuliwa mwezi ujao, na mwanasheria wa chuo ameniambia nijitayarishe kuitwa na polisi kama shahidi, au vinginevyo. Neno "vinginevyo" alilisema akifunga faili.

Jumatatu niliomba kuonana na Deja. Alikubali, mlinzi akiwa mlangoni. Mkono wake bado una bandeji. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Mkono nimeelewa," aliniambia. "Watu huulizana kuhusu mkono. Nina swali moja tu, dada. Mlango. Nani alimwambia kuhusu mlango?"

Mama, nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa mpaka aliposema. Desemba Trent aliniuliza mashabiki wanawezaje kumpata Deja awasainie fulana. Nikacheka, nikamwambia wasisumbuke mbele, Bibi Bango siku hizi anatokea mashariki kwenye mapipa. Hakunilipa chochote kwa hilo. Nililitoa bure, kwa mzaha.

Nilimwambia Deja kwamba ni mimi pia. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akijua jibu na aliyetaka tu kuona kama nitalisema. Kisha akamwomba mlinzi anitoe.

Nitapanda basi la Jumamosi asubuhi, nitafika nyumbani jioni. Huna haja ya kupika chochote. Kuhusu tanuri, nimewaambia wachunguzi lilikotoka, kwa hiyo usishtuke mtu akija kuliuliza. Mwonyeshe tu.

Nina ombi moja. Jumapili kanisani watakuuliza, na najua utataka kunitetea, utasema binti yangu ni mtoto wa shamba, alidanganywa na watu wa mjini. Usiseme hivyo, Mama. Waambie nilijua. Ukishindwa kuwaambia, nyamaza, nitawaambia mwenyewe.

Nisalimie Mjomba Dale, na wale mabibi wa jikoni kwenu shuleni, kama bado watazipokea salamu zangu. Funika nyonga yako vizuri. Nakupenda, na nakuogopa kidogo mpaka nikuone uso.

Ni mimi binti yako,

Raelynn Tackett