Jino la Nne

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima unayostahili kama kifungua mimba wa nyumba yetu. Natumaini goti lililokuwa likikusumbua limepata nafuu, na kwamba shemeji na wanao ni wazima. Sisi huku tunapumua, na kwa siku hizi hilo latosha kuitwa uzima. Wifi yako anakusalimu. Anasema chumba cha baba amekifagia mara tatu, na kila akimaliza anakuta bado kinanukia mafuta ya kitani.

Barua yako uliyoiandika baada ya maziko nimeisoma hata mikunjo yake imeanza kukatika. Uliniomba mambo mawili: nikueleze siku za mwisho za baba zilivyokuwa, kwa kuwa safari ilikushinda, na nikutumie fimbo yake ya pool, ile aliyosema tangu zamani kwamba ni yako. La pili nimelitanguliza. Kifurushi kirefu kilichofungwa kwa gunia kimekuja na mchukuzi yuleyule aliyekukabidhi barua hii. Nakuomba, kwa ziwa tulilonyonya, usikate kamba kabla hujafika kwenye sahihi yangu.

Wapo wanaodharau fimbo ya kiwandani, wakidhani kitu kilichotengenezwa kwa maelfu hakiwezi kuwa na mwenyewe. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wa useremala kwamba hao hawajawahi kuishika iliyo njema. Utakumbuka lile banda refu la kiwanda, na mikono thelathini iliyoipokea fimbo mmoja baada ya mwingine: huyu akipasua mbao, huyu akianika, yule akikereza kwa mashine ya kuzungusha mti, wa mwisho akibandika ncha ya ngozi na kupaka vanishi. Katikati yao alikaa baba yetu, mkata meno. Kwa juu fimbo ilikuwa mti mweupe mgumu, kwa chini mpingo mzito wa kujaa kiganjani, na kazi yake ilikuwa kuzikata mbao hizo mbili ziingiane kama vidole vya mtu aliyekunja mikono kusikiliza habari. Hapakuwa na msumari wala skrubu. Ilikuwa gundi, na shabaha ya jicho. Fimbo ikishakerezwa, meno manne meusi yalipanda ndani ya weupe, membamba, ncha zake zikiwa kali kama za kalamu, na ulipopiga mpira ulisikia mlio mmoja tu, mfupi, usio na mtetemo, kana kwamba mti ule ulizaliwa hivyo. Hakuna fimbo iliyoruhusiwa kubeba jina la mtu. Labda ndiyo maana wenzake walimbandika yeye jina la kazi yake, wakamwita Meno; na kwa kuwa alikuwa na pengo mbele, hawakuchoka kumtania kwamba alichonyimwa mdomoni amejaziwa mikononi.

Siku kiwanda kilipofungwa, wewe ulikwisha olewa. Kila mfanyakazi aliruhusiwa kuondoka na fimbo moja aipendayo. Wengine walikimbilia rafu za fimbo bora. Baba alikwenda stoo ya zilizokataliwa, akapekua mpaka jua likapinduka, akatoka na moja ambayo jino lake la nne lilikuwa fupi kuliko wenzake kwa kiasi cha punje ya mchele. Rafiki yake mkereza, yule mzee mwenye kucheka kwa mabega, alimwambia mbele yetu sote kwamba, Meno, umeketishwa karamuni ukachagua mfupa. Baba akamjibu kwamba mfupa huo anaujua. Tukacheka, tukalisahau neno hilo.

Macho yake yalipozimika kabisa, ile fimbo ikawa ndiyo dirisha lake. Kila alasiri baada ya chai aliiomba. Mbao mbili hazikauki kwa mwendo mmoja, dada. Baada ya miaka mingi ukingo wa kila jino ulikuwa umeinuka kidogo sana, jicho halioni, lakini kidole kinaona. Alikizungusha kidole gumba, jino la kwanza, la pili, la tatu, na kilipogota kwenye lile fupi alitabasamu, akasema peke yake, "Huyu hajambo." Mimi nilidhani ni uzee. Nilimwambia mke wangu kwamba baba ameanza kuamkiana na mbao.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Chuo chetu kiliandaa maonyesho, nami nikachaguliwa kuhutubia wageni juu ya ustadi wa mafundi wa viwandani wasiojulikana kwa majina. Nilitaka fimbo ya baba isimame mbele ya watu hao, na nilitaka isimame bila dosari. Nilimwambia naipeleka kuipaka vanishi. Ukweli ni kwamba niliona aibu ya lile jino fupi. Kila aliyesoma kukereza anajua kwamba meno ya fimbo hufupika kadiri mbao inavyopunguzwa; ukiitega fimbo kidogo pembeni kwenye mashine, ukaupunguza upande wa yale marefu, yatashuka yalingane na lile la nne. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nimeifundisha kwa miaka kumi na tisa. Nilichosahau ni kwamba gundi ile ilikuwa na umri wa kunizidi, ilikwisha kauka kama gamba. Joto la patasi lilipoigusa iliachia. Jino la nne lilichomoka likapiga ukuta, na fimbo ikapasuka mpaka nusu yake kabla sijaufikia mkono wa kuzimia mashine.

Niliokota vipande nikampelekea yule mzee mkereza. Alivipakata magotini muda mrefu, kisha akaniuliza nani aliyemwita daktari ilhali hapakuwa na mgonjwa. Nikamsihi aviunganishe. Akasema meno ya uzeeni yakitoka hayaoti tena, na kwamba mwalimu wa mbao ndiye aliyepaswa kumfundisha yeye hilo. Vipande hakunirudishia. Lile jino lenyewe nilirudi kulitafuta karakana, nikakuta mfagiaji amekwisha kuyapeleka maranda yote motoni.

Hotuba niliitoa, mikono mitupu. Watu walipiga makofi mengi.

Kisha nikatengeneza nyingine. Wiki sita, dada, kila saa niliyoweza kuiba darasani. Nilichagua mpingo wa rangi ileile, nikapima uzito hadi ukawa sawa, nikatumia ujuzi wote niliosomeshwa kwa jasho la mtu niliyekusudia kumdanganya. Baba alipoulizia, nilisema vanishi haijakauka. Siku moja alisema vanishi gani hii isiyokauka kwa jua kali namna hii, au nimepaka asali. Tulicheka pamoja.

Nilipomkabidhi alianza na ncha ya ngozi, akashuka taratibu, akafika mahali pa meno. Nilijua ninachokitazama. Mbao zilikuwa mpya, laini kama kioo, hapakuwa na ukingo hata mmoja. Kidole gumba kilizunguka mara ya kwanza, kikazunguka mara ya pili, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Halafu kikatulia. Aliniuliza ni nani aliyeisafisha. Nikajibu ni mimi. Akasema nina mkono mwepesi.

Ndipo akanisimulia, akiwa amelielekezea uso dirisha asiloliona, kwamba siku uliyozaliwa alikuwa kwenye meza yake ya kazi. Ilimfikia habari kuwa mama ameshikwa na uchungu tangu usiku na hali si njema. Msumeno ukaishia kabla ya mahali pake, naye hakungoja. Aliiacha fimbo mezani akakimbia, akawakuta mama na wewe mmesalimika. Wenzake waliiunganisha na kuimaliza, lakini msimamizi alipoliona lile jino fupi aliitupa stoo ya zilizokataliwa. Kila mwaka, siku kama ile, baba aliingia stoo kwa kisingizio cha kutafuta patasi, akaishika, akatoka. Sikuwahi kulijua hilo. Wala sidhani kama wewe ulilijua. Ni wewe uliyekuwa hajambo, dada, kila alasiri.

Nilipiga magoti nikataka kusema. Alininyamazisha kwa kiganja. Aliniagiza nikutumie hiyo niliyoitengeneza, na nisikwambie neno, kwa sababu uko mbali na huzuni ya mbali haina wa kuibembeleza. Alisema wanaojua wawili wanatosha. Tangu siku hiyo hakuiomba fimbo tena. Chai ikiisha alilaza mikono juu ya blanketi, na kidole gumba kikaendelea kuzunguka juu ya kidole cha shahada, polepole, hakigoti popote. Siku ya tisa kilisimama. Hivyo ndivyo siku zake za mwisho zilivyokuwa, na hapo ndipo ombi lako la kwanza linapojibiwa.

Kwa barua hii nimemwasi mara ya pili. Nimejaribu kunyamaza kama alivyoniagiza, nikaona kwamba ungeitundika ukutani ukamlilia baba mbele ya kazi ya mikono yangu, na hilo nimeshindwa kulibeba. Sikuombi msamaha. Sijui ungetoka kwa nani, maana aliyekuwa nao alikufa akinificha kwako.

Msalimie shemeji kwa heshima zote, na watoto wote kwa umri wao. Wifi yako anasema ukipata nafuu ya goti uje. Mimi sina uso wa kusema hivyo.

Sasa kata kamba. Utaona fimbo nzuri. Meno yake yote manne yamelingana. Pitisha kidole ukipenda, mara ngapi upendavyo. Hapana mtu humo wa kuambiwa hajambo.

Mdogo wako,
yule mliyemwita Profesa