Keki ya Machungwa Kwenye Arobaini ya Bibi

Jumapili asubuhi, Nkowe. Baridi ya Julai haijaachia, vumbi limelala kwa umande, na mimi mwili wote unauma utadhani nimelima.

Nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaisha. Nimechoka tangu tumzike Bibi, na jana ilikuwa arobaini yake.

Wanaonisoma hapa wanajua nauza kwenye duka la dawa Nachingwea. Tangu msiba, kila nikipata nafasi napanda gari hadi Ruangwa mjini, kisha bodaboda hadi huku, kuja kumtazama Mama. Ndiye aliyemuuguza Bibi mpaka mwisho. Na alikuwa hajalia. Siku ya mazishi alipima mchele wa pilau, akagawa mikeka, akauliza nani hajapata maji ya kunawa. Baada ya hapo akanyamaza. Ukimwuliza kitu anajibu ndiyo au hapana. Uji anaonja, anausogeza pembeni. Mama mdogo, mdogo wake, hakuacha kunipigia simu: "Mtazame mama yako. Kilio kikikwama kifuani kinageuka ugonjwa."

Kana kwamba mimi ndiye niliyepewa ufunguo wa kifua chake.

Basi nikawaza keki.

Bibi alijifunza keki akiwa msichana, alipokuwa akifua na kuosha vyombo kwa masista wa misheni. Yeye Mwislamu wa swala tano, lakini keki ya masista aliichukua akaifanya yake. Siagi hakuwa nayo, akatia mafuta ya ufuta. Machungwa yalikuwa yakianguka ovyo nyuma ya nyumba. Maganda aliyakwaruza kwenye kopo alilolitoboa kwa msumari, akakwaruza mpaka ule weupe wa ndani, ndiyo maana keki yake ilikuwa na kauchungu mwishoni. Aliioka kwenye sufuria, moto chini, makaa mengine ameyapalia juu ya kifuniko, naye kakaa pembeni analinda. Wajukuu tuliinyemelea kama kuku wanavyonyemelea ufuta ulioanikwa.

Mama ameila keki hiyo tangu utoto wake. Nikajiambia, akiionja tu, huenda kitu kitafunguka.

Jana niliamka kabla ya adhana. Machungwa nilishayanunua sokoni. Nikakwaruza maganda kwa adabu, nje nje tu, nikaongeza na vanila kwa sababu kwenye simu kila mtu anaweka vanila. Makaa yalizidi upande mmoja, pakaungua, nikapakwangua kwa kisu. Nikaifunga keki kwenye kitambaa, nikaipakata njia nzima. Dereva wa bodaboda nilimgombeza kila shimo, mpaka akauliza nimebeba mayai au kichanga.

Nafika uani kwa Bibi, hata viatu sijavua, Bi Somoe akaninyang'anya.

Bi Somoe ni mtani wetu, yeye na ukoo wake wote. Umri wake na wa Bibi haukupishana sana, na maisha yao yote walikuwa wakitukanana na kucheka. Jana alikuwa amejifunga kanga ya Bibi, ameshika mwiko wa Bibi, anatembea kwa kuchechemea kama Bibi, na wanawake waliotoka Nandagala kwa ajili ya kisomo hawana mbavu. Akafungua furushi langu, akamega. Watani wenzake wakamega. Ni haki yao. Ukimkasirikia mtani msibani, mwenye aibu ni wewe.

Nilikasirika. Niseme ukweli, nilitamani kumsukuma. Keki ya Mama inaisha mbele ya macho yangu, na Mama mwenyewe amekaa mlangoni, anatazama chini.

"Vanila!" Bi Somoe akafoka, kwa sauti ya Bibi kabisa. "Nimekufa juzi tu, mshaanza kunitilia madudu ya dukani? Ganda liko wapi? Uchungu uko wapi? We mtoto, lete mkono hapa!" Akainua mwiko.

"Mama, mwache mtoto!"

Aliyesema ni Mama.

Alikuwa amesimama, ameunyoosha mkono. Ndivyo alivyokuwa akimwambia Bibi tulipokuwa wadogo, tukishakamatwa tumefunua sufuria, nasi tunakimbilia kujificha nyuma yake. Ilimtoka yenyewe. Kisha akamtazama Bi Somoe vizuri, akaona kanga ni ya mama yake na sura si ya mama yake.

Halafu kikatoka kilio. Sijawahi kumsikia mama yangu akilia vile, mtu mzima. Bi Somoe akautupa mwiko, akamkumbatia kwa mikono yenye makombo. Sauti ya Bibi hakuiigiza tena. "Lia, mwanangu," alimwambia, naye analia. "Hata mimi sina tena wa kugombana naye."

Keki iliisha. Mama hakuonja hata kidogo.

Jioni alikula wali, akaomba aongezewe. Akaniuliza mbona nimekonda hivi, huko Nachingwea sipiki? Leo bado amelala, namsikia akikoroma hapa ninapoandika, na wanawake wanafagia uani taratibu wasimwamshe.

Mama mdogo amenishukuru mbele za watu, eti nimemponya dada yake. Sikuponya mtu. Nilipika keki mbaya, watani wakaila. Nimefurahi, nimefurahi kweli, ila furaha yenyewe inanikuta nimekaa chini, sina nguvu ya kuinuka kuipokea.

Maana jana, wenzangu walipoanza kulia wote, mimi nilikimbilia maji. Nikamshika Mama asijigonge ukutani. Nikaokota kanga zilizoanguka, nikaenda kutazama pilau isiungue. Usiku nikahesabu sahani za kuazima. Hakuna aliyenitazama usoni, na mimi nilishukuru.

Kesho asubuhi nafungua duka. Watu watakuja na vikohozi vyao vya baridi, nitawauliza vimeanza lini, nitawapa pole.

Bibi, mimi nitakulilia lini?