Adresi ya Maman Sifa

Bukavu, Kadutu

Kwako yaya Wabiwa,

Uko muzima? Mugongo unaendelea namna gani, na mvua imewaachia muhogo kidogo? Mimi niko, nakula, nalala, ingawa siku hizi nalala vibaya. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu anteni ya simu ya huko Mwenga ingali imezimika, na maman mumoja muuza mawese anateremuka kesho na lori. Usimusomee mama barua yote. Musomee salamu, yenye kubakia usome peke yako.

Kazi yangu unaijua: niko natunza maordinatere, zile kompyuta za koperative ya kahawa, kwenye biro, ofisi yetu ya Kasha. Kuko ordinatere moja kubwa inaitwa serveri, ndiyo inaweka vitabu vyote vya biro. Zingine zimefungwa nayo kwa kable, na kila moja iko na namba yake, tunaita adresi. Mbili zikiwa na adresi moja zinapigana, na moja inatupwa inje.

Maman Sifa, sekretere wetu, alikufa ghafula. Alitoka kwenye mukutano akisema kichwa kinamuuma, kesho yake tukaletewa habari. Ulimuona ulipokuja huku: yule maman munene aliyekulazimisha kuongeza ugali. Tulilia, yaya. Kwa heshima yake chumba chake kilifungwa na ufunguo siku ile ile, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu mule mupaka familia imalize kilio. Ni desturi, nani angebisha? Riziki, mama kijana wa watoto wawili, akapewa kazi yake na ordinatere mupya, akawekwa kwenye chumba cha mbele.

Juma halikuisha. Umeme ulikuwa umekatika tangu siku ya mukutano, kama kawaida yake. Uliporudi saa ine za asubuhi, ordinatere ya Riziki ikakataa kuona serveri. Za wengine zote ziliona, ya kwake tu hapana. Halafu mashine ya kuchapa, ile ya koridoo, ikaamuka yenyewe na kutoa karatasi moja. Papa Déo, muhasibu wetu, akaiokota, akaisoma, akaiacha ianguke. Ilikuwa imeandikwa: "Niko nakuja. Muningojee." Chini yake, jina la Maman Sifa.

Kesho yake umeme ukarudi, na mambo yakawa yale yale. Riziki akatupwa inje, karatasi ikatoka. Maman wa kufagia akaapa ameona mwangaza chini ya mulango uliofungwa, na kitu kinanguruma mule polepole. Nikaweka sikio kwenye mulango. Ni kweli, kilikuwa kinanguruma. Nikarudi nyuma, mimi mwenye kujiita fundi!

Nilibadilisha kable ya Riziki, nikaihamisha kwenye tundu lingine, bure. Mwishoni nikachomoa ordinatere yake kabisa, nikaiweka juu ya meza bila waya hata mumoja. Nikaenda kukaa kwenye serveri, nikaita ile adresi yake, vile mutu anabisha hodi. Kitu kilichochomolewa hakiwezi kujibu. Yaya, kilijibu. Nikaita tena, kikajibu tena, haraka, kama mutu aliyekuwa anangojea. Nikauliza jina la anayejibu. Kwenye kioo cha serveri ikatokea: SIFA.

Halafu nikaelewa, na kule kuelewa kulinitia woga kuliko muzimu. Maman Sifa alikuwa anaumwa kiuno, hawezi kuinama kuwasha ordinatere chini ya meza. Ni mimi niliitengeneza iwe inaamuka yenyewe umeme ukirudi. Alipokufa, nikamupa Riziki adresi yake, kwa sababu serveri inafungulia vitabu vya sekretere kwa namba ile moja tu. Nilifanya vile sisi tunavyomupa mutoto jina la marehemu, bila kufikiri mara mbili. Kichwani mwangu ile ya zamani ilikuwa imekufa na mwenyewe. Kumbe iko hai nyuma ya mulango, inaamuka kila asubuhi, inadai namba yake, na inarudilia kuchapa kikaratasi alichotaka kubandika mulangoni siku ya mukutano, kilichokatwa na umeme.

Siku hiyo ilikuwa siku ya pili ya juma. Nikarudishia ya Riziki waya zake, sikusema neno.

Usinitazame hivyo. Direktere, mukubwa wetu, alikuwa ameshanionya mwaka huu kwa kosa lingine, na nilijua la pili ndilo la mwisho. Nikajiambia nitapata njia ya kutengeneza kimya kimya. Lakini maneno yalikuwa yamefika mbali. Papa Déo alimwonyesha Riziki kidole, akasema wazi mbele ya watu: "Huyu alimula Sifa kwa uchawi, juu ya kutaka kiti chake. Sasa mwenye kiti anarudi." Direktere akamwambia Riziki kama mambo haya hayajaisha mupaka siku ya tano, aende. Mama mukwe wake akaja akabeba watoto wote wawili, akawapeleka kwake, kijiji cha Miti, "mupaka ijulikane wako na mama wa namna gani." Riziki alikuwa anakuja kazini na macho mekundu, anakaa mbele ya kioo kisichoona kitu. Nilimuona vile siku mbili nzima.

Siku ya ine nikamukuta anaweka vitu vyake mu kikapu. Hapo nikashindwa. Nikaenda kwa direktere, nikasema kila kitu. Kaka ya marehemu akaitwa, akaomba Mungu, akafungua mulango. Vumbi lilikuwa mahali pote, kitenge chake kingali kwenye kiti, na kioo kinawaka. Nikazima ile ordinatere mbele ya watu wote. Pale pale ya Riziki ikaona serveri. Nikasema: "Kosa ni langu."

Papa Déo akanitazama sana. "Basi ni wewe ulipatia mutu aliye hai namba ya mufu?"

"Ndiyo, papa, lakini ni mambo ya mashine..."

"Na nani alikufundisha ile?"

Direktere hakunifukuza. Kesho kutwa yake, Jumamosi, siku ya posho, nilimusindikiza Riziki mupaka Miti, nikamweleza mama mukwe yote. Alisikiliza vizuri, akarudisha watoto. Lakini aliwapitisha nyuma ya nyumba, mbali na mimi, nisiwaguse. Huku biro wananisalimia wakiwa mulangoni. Papa Déo ameuliza ninatoka kijiji gani, na nani kwetu alikufa vibaya. Mutu akija kukuuliza, umwambie ukweli, bila kukasirika.

Unisalimie mama, koko, bibi yetu asiyeona vizuri, na shemeji mume wako, umwambie kisu chake bado nakitafuta Kadutu. Watoto wako uwashike kichwani kwa niaba yangu.

Neno moja ndilo linaninyima usingizi, yaya. Tulipotoka Miti, Riziki alibeba mudogo mugongoni, tukashika njia. Halafu akaniuliza: "Tangu siku ya pili ulijua?" Nikasema ndiyo. Wengine wananiogopa juu ya uchawi nisiokuwa nao. Riziki haniogopi hata kidogo, na ni yeye peke yake hanisalimii.

Ni mimi mudogo wako,
Bienfait